Betri Iliyolala Miezi Minane

Mwaka 2020, wakati wa korona, pikapu ya baba mdogo ilikaa kwetu Nakivale miezi minane bila kuwashwa. Ndiyo iliyokuwa ikipeleka samaki wa ziwani mjini Mbarara, na karo yangu ilitoka humo. Siku ya kuiwasha ililia "tik" moja tu, ikanyamaza.

Jirani alitushauri tumimine asidi mpya. Wasomaji, shauri hilo msilifuate. Betri ikiachwa bila umeme, chumvi ya risasi huganda juu ya mabamba yake na kuwa ngumu. Asidi ya kuongeza haiondoi chumvi hiyo, bali huzidi kuyala mabamba. Kinachopungua betrini ni maji.

Basi tuliipeleka Mbarara kwa fundi. Alijaza vyumba vyote sita maji yaliyokenekwa, si ya kisima, kisha akaitia umeme polepole, ampea tatu, kwa siku mbili. Mvuta sigara mmoja alifukuzwa upesi, maana hewa itokayo betrini hulipuka.

Ilipopumzika usiku kucha, kipimo kilionyesha volti 12.2, betri nzima hufika 12.6. Chumvi nyingine ilikuwa imekwisha kuwa kama jiwe. Haikuweza kuzungusha injini tena, na baba mdogo alikopa fedha akanunua nyingine. Ile ya zamani tunaitia umeme wa jua, nasi husomea taa yake.

Hii mpya, gari lisipotembea, hufunguliwa waya wa hasi na kutiwa umeme kila mwezi. Kazi hiyo nimepewa mimi.