Manyoya Yaliyochomwa: Vita vya Vijitabu vya 1712

Machi 1712, mahakama ya Hertford, Uingereza, ilimtia hatiani Jane Wenham, bibi kizee maskini wa kijiji cha Walkern, kwa kuzungumza na shetani mwenye umbo la paka. Jaji John Powell hakuuamini ushahidi, lakini jopo la raia 12 lilipotamka hatia ilimbidi atoe hukumu ya kifo. Malkia Anne alimsamehe bibi huyo. Kesi ikatoka mahakamani, ikahamia kwa wachapaji wa London.

Aliyetangulia ulingoni ni Francis Bragge, kijana aliyekuwa shahidi wa mashtaka. Kijitabu chake kilichapwa mara kadhaa mwaka huohuo, na wapinzani wakamjibu kwa vijitabu vyao. Naona kilichomponza Bragge ni bidii yake mwenyewe. Ili aaminiwe, alieleza kila kitu: goti la Anne Thorne, binti aliyedaiwa kurogwa na Wenham, mtumishi wa kasisi wa kijiji, lililoteguka na bado binti akadai amekimbia mbio, pini, na manyoya ya mto yaliyogandamana kwa namna ya ajabu. Jaji alipotaka kuyaona manyoya hayo ya kichawi, alijibiwa yamekwisha kuchomwa ili mgonjwa apate nafuu. Ushahidi umeteketezwa na walioutegemea! Asingeandika hayo, wakosoaji ambao hawakukanyaga Walkern wangepinga nini?

Wapo watakaosema vijitabu havikumwokoa mtu, maana msamaha ulikuwa wa Malkia. Ni kweli, ila msamaha humwondolea mtu kitanzi tu, haumwondolei jina la mchawi. Wengine watasema ulikuwa ugomvi wa vyama, Tory na Whig, uliovishwa joho la dini. Siasa ilikuwemo, tena nyingi. Hata hivyo chuki ya chama haielezi kwa nini wapinzani walihangaika na goti na manyoya, badala ya kutukana tu, kazi waliyoiweza vizuri.

Francis Hutchinson, kasisi aliyetoa kitabu chake kuhusu uchawi mwaka 1718, alikwenda kumwona Wenham mwenyewe. Washtaki walikuwa wamemjaribu kwa Sala ya Bwana, na kukwama kwake wakakuhesabu kuwa dalili ya uchawi. Mbele ya Hutchinson, bibi aliisali yote, akaongeza na Kanuni ya Imani.