Kwa nini urea isiyofukiwa hunuka? Jibu liko kwenye nikeli

Huenda umewahi kuweka urea juu ya udongo kwenye mahindi yako, mvua ikachelewa, na siku mbili tatu baadaye ukapita shambani ukakutana na harufu kali kama ya mkojo uliolala. Harufu hiyo ni gesi ya amonia. Ni naitrojeni uliyoinunua kwa fedha yako, inapaa hewani. Mfuko wa urea wa kilo 50 huwa na takriban kilo 23 za naitrojeni, kwa hiyo hasara si ndogo.

Nani anaigeuza urea kuwa amonia? Ni kimeng'enya kiitwacho ureasi. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi za kikemia ndani ya viumbe hai. Ureasi hutengenezwa na bakteria na kuvu wengi wa udongoni, na mimea pia. Mwaka 1926 mwanasayansi wa Marekani, James Sumner, alifanikiwa kuitoa ureasi kwenye maharage ikiwa safi kabisa. Mwaka 1975 watafiti wa Australia wakagundua kwamba ndani yake mna nikeli, madini yale yale yanayotumika kutengeneza chuma cha pua. Bila nikeli, ureasi haifanyi kazi.

Mmea nao unaihitaji nikeli, ila kwa kiasi kidogo sana. Mizizi huifyonza pamoja na maji ya udongo. Soya ikikosa nikeli kabisa, urea hurundikana kwenye majani na ncha zake huungua. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba shayiri iliyokuzwa bila nikeli hutoa mbegu zisizoota vizuri.

Lakini nikeli ni kama chumvi kwenye mboga: kidogo hukoleza, nyingi huharibu. Ikizidi, huingilia kazi ya madini ya chuma na majani hugeuka manjano. Ndiyo maana viumbe huilinda kwa makini. Mmea huifunga nikeli kwa asidi kama ile ya limau, kisha huihifadhi kwenye vifuko vilivyo ndani ya seli zake. Katika kisiwa cha New Caledonia kuna mti ambao utomvu wake una rangi ya buluu na kijani kwa sababu ya wingi wa nikeli.

Bakteria wana njia yao. Chukua mfano wa bakteria aitwaye E. koli, anayeishi kwenye utumbo. Ana mlango wa kuingizia nikeli, na ana protini inayofanya kazi ya mlinzi. Nikeli ikitosha, humshika mlinzi huyo, naye husimamisha utengenezaji wa milango mipya. Ikizidi, kuna pampu ya kuitoa nje.

Kuna bakteria mwingine anayetumia nikeli kutudhuru. Anaitwa Helikobakta pailori, na ni chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Tumbo lina asidi kali inayoua vijidudu wengi. Yeye hukusanya nikeli, hutengeneza ureasi kwa wingi, na hugeuza urea iliyomo tumboni kuwa amonia, ambayo hupunguza ukali wa asidi iliyomzunguka. Hivyo anaishi. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua bakteria huyu na kazi yake katika vidonda vya tumbo. Vidonda anavyosababisha hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria, kwa hiyo maumivu ya tumbo yasiyoisha yapeleke kituo cha afya ukapimwe.

Turudi shambani. Huna haja ya kununua nikeli, kwa kuwa udongo mwingi unayo ya kutosha. Wala usiichukie ureasi, kwa sababu ndiyo inayoifanya urea iwe chakula cha mmea. Muhimu ni kazi hiyo ifanyike chini ya udongo. Amonia ikizaliwa ndani ya udongo wenye unyevu, hushikwa pale na mizizi huipata. Ikizaliwa juu, upepo unaondoka nayo.

Kwa hiyo chimba kishimo kando ya shina, weka urea bila kugusa mmea, kisha fukia. Kama huwezi kufukia, subiri mvua iwe karibu. Usiimwage juu ya udongo jua likiwa kali.