Mkate uliolala wageuka mlo mtamu kusini mwa Ujerumani

MKATE uliokaa siku mbili tatu ukawa mgumu huhesabiwa na wengi kuwa ni taka. Lakini katika eneo la Swabia, kusini-magharibi mwa Ujerumani, mkate wa namna hiyo ndio unaotakiwa ili kuandaa Ofenschlupfer, chakula kitamu cha kuoka kinachotengenezwa kwa mkate, maziwa, mayai na matufaha.

Wajerumani wanajivunia mikate yao, na mwaka 2014 utamaduni wao wa mkate uliingizwa katika orodha ya kitaifa ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hata hivyo, takwimu za serikali zinaonyesha kuwa mwaka 2022 takriban tani milioni 11 za chakula ziliishia kuwa taka nchini humo, na zaidi ya nusu yake zilitoka majumbani.

Zamani, familia zenye kipato kidogo hazikuwa na uwezo wa kutupa hata kipande kimoja, na majina ya vyakula vyao yanashuhudia hali hiyo. Katika jimbo la Hessen kuna chakula cha mkate mweusi na matufaha kiitwacho Bettelmann, yaani ombaomba. Huko Bavaria na katika nchi jirani ya Austria, kipo Scheiterhaufen, maana yake rundo la kuni, kwa kuwa vipande vya mkate hupangwa mithili ya kuni. Eneo la Pfalz lina Kirschenmichel, ambacho hutiwa cheri badala ya matufaha.

Ugumu wa mkate hautokani na kukauka peke yake. Mkate unapookwa, wanga wake hunyonya maji na kulainika. Ukishapoa, wanga huo hujipanga upya taratibu na kukaza, hata kama mkate umefunikwa vizuri. Baridi ya jokofu huharakisha mabadiliko hayo, na ndiyo maana mkate uliohifadhiwa humo huwa mgumu mapema zaidi kuliko ulioachwa kabatini.

Ugumu huo ndio unaofaa kwa mapishi haya. Mkate mkavu hunyonya maziwa na mayai bila kuvunjika, ilhali mkate mbichi uliotoka tanurini hugeuka uji.

Kwa mlo wa watu wanne, huhitajika gramu 250 za mkate mweupe uliolala, nusu lita ya maziwa, mayai matatu, matufaha matatu, gramu 60 za sukari, gramu 50 za zabibu kavu, mdalasini, vanila na siagi kidogo. Wapo wanaoongeza lozi zilizokatwakatwa.

Mkate hukatwa vipande vyembamba. Matufaha humenywa, hutolewa mbegu na kukatwa vivyo hivyo. Bakuli la kuokea hupakwa siagi, kisha hupangwa safu ya mkate na safu ya matufaha yaliyonyunyiziwa zabibu na mdalasini, kwa zamu, na safu ya juu kabisa huwa ya mkate. Maziwa, mayai, sukari na vanila hupigwa pamoja na kumiminwa juu yake.

Bakuli huachwa kwa muda wa dakika 20 ili mkate unyonye. Hatua hii haifai kurukwa, kwani vipande visivyolowa hubaki vikavu katikati. Baada ya hapo huwekwa vipande vya siagi juu, na chakula huokwa kwa nyuzi joto 180 kwa dakika 40 hivi, hadi mayai yagande na sehemu ya juu iwe ya rangi ya dhahabu.

Jambo moja halina mjadala: mkate mgumu si sawa na mkate wenye ukungu. Nyuzi za ukungu hupenya ndani ya mkate pasipo kuonekana kwa macho, na baadhi ya sumu zake haziharibiwi na joto la oveni. Kukata sehemu iliyoharibika hakutoshi. Mkate huo hutupwa wote.

Ofenschlupfer huliwa ikiwa ya moto pamoja na mchuzi mtamu wa vanila. Wengine huila kama kitindamlo, na wengine huifanya mlo kamili baada ya supu. Ikibaki, hufaa kuliwa kesho yake ikiwa baridi.