Koti la karani na sauti ya raia

Mzazi yeyote aliyetafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe miaka ya tisini anaijua kauli ya "njoo kesho". Kesho ikifika, karani hayupo ila koti lake liko kitini. Akiwapo, faili haionekani mpaka kitu kidogo kipite chini ya meza.

Mambo yalianza kubadilika Novemba 2013, kituo cha kwanza cha Huduma kilipofunguliwa katika jengo la Posta Kuu, Nairobi, ambako idara nyingi zilikaa chini ya paa moja. Mwaka uliofuata ukaja mtandao wa eCitizen. Mnamo Juni 30, 2023, Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 humo, na malipo sasa hufanywa kwa simu.

Hata hivyo, tuseme ukweli: nyanya asiye na simu ya kisasa bado anamtegemea kijana wa saiba, naye hafanyi kazi bure. Isitoshe, Julai 2023 wavamizi wa mitandao waliushambulia mfumo huo ukakwama, hata serikali ikalazimika kuwapa wageni viza wafikapo uwanja wa ndege. Yai lote lilikuwa katika kikapu kimoja.

Kompyuta pia haimuulizi mwananchi anataka nini. Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 ndicho kinachosema wananchi washirikishwe katika masuala ya fedha za umma. Kaunti ya Makueni imesifika kwa kuanzia vijijini, wakazi wakichagua wenyewe miradi wanayoihitaji. Kwingineko, baraza huwa ni la kutia sahihi, kunywa soda na kurudi nyumbani.

Ndiposa mwaka wa 2024 uliwashtua wazee. Vijana waliufafanua Mswada wa Fedha katika simu zao, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, kisha wakajaa barabarani. Wengi walipoteza maisha. Juni 26 Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi.

Je, msomaji, ni lazima ifike huko? Bunge hutangaza magazetini na katika tovuti yake linapotaka maoni kuhusu mswada, ingawa miswada yenyewe aghalabu huwa kwa Kiingereza. Barua au baruapepe inatosha, na mwanafunzi anaruhusiwa kuandika sawa na wakili.