Kafara ya Zinki

Fundi mmoja wa mashua ametuandikia kuuliza imekuwaje bolti za chuma cha pua alizozikaza katika bamba la alumini zingali zang'aa kama siku alipozinunua, ilhali bamba lenyewe, kuzunguka vichwa vya bolti, limeliwa hata likawa unga mweupe. Swali hili ni kongwe: manowari ya Kiingereza HMS Alarm ilivikwa mabati ya shaba mwaka 1761 ili kuzuia wadudu watoboao mbao, na ilipokaguliwa baada ya miaka 2, shaba ilikuwa salama, bali misumari ya chuma iliyoishika ilikuwa imelika vibaya, isipokuwa ile iliyotengwa na shaba kwa karatasi ya kahawia ya kufungia bidhaa, iliyosahauliwa chini ya mabati.

Natuwatazame ndugu wawili wakaao nyumba moja: shaba, muungwana mwenye kasha lililofungwa, na chuma, mkarimu asiyejua kukataa. Mdai wao ni oksijeni iliyoyeyuka majini, naye hudai elektroni. Kila ndugu akiwa mbali na mwenziwe hulipa deni lake mwenyewe. Lakini metali zikigusana ni kana kwamba ukuta wa vyumba vyao umetobolewa, na mdai abishapo kwa muungwana, muungwana hupenyeza mkono tunduni akalipa kwa mali ya nduguye, huku maji ya chumvi yakisawazisha hesabu. Na kadiri mlango wa muungwana ulivyo mpana, ndivyo wadai wazidivyo kuingia. Misumari michache ikalipia deni la shaba ya merikebu nzima.

Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy aliligeuza balaa hili kuwa dawa, akafunga vipande vya chuma au zinki juu ya shaba ili viliwe badala yake. Vipande hivyo tuviiteje? Fidia hulipwa baada ya hasara, na sadaka hutolewa hata pasipo msiba; kafara ndiyo hutangulizwa ili balaa iifuate. Basi ni zinki ya kafara. (Shaba ya Davy ilipona, ila ikaota magugu na chaza.)

Manowari za leo zina rafadha za shaba iliyochanganywa na alumini na nikeli, na mabomba ya shaba na nikeli. Hata hizo huulizwa kwanza jirani yao ni nani. Fundi wetu naye, ambaye muungwana wake ni chuma cha pua na mkarimu wake ni alumini, azifungue bolti zake, azivike mpira na washa za plastiki: ndiyo karatasi yake ya kahawia.