Kioo cha Kando Kikigoma, Fuata Moto Kwanza

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Nimeyaona ukweli maneno haya katika karakana za magari hapa Garissa. Kioo cha kando cha gari, kile ambacho mafundi wetu wanakiita saidimira, kikikataa kugeuka kwa swichi, wenye magari wengi hukimbilia duka la vipuri. Wanatoa maelfu ya shilingi, wanafunga kioo kipya, kisha wanabonyeza swichi na wapi! Kioo kipya nacho kimenuna kama kile cha zamani. Kumbe ubaya haukuwa kwenye kioo hata kidogo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutafuta kasoro hiyo kwa mpango, kabla hujafungua mkoba.

Huenda ukauliza, "Je, kioo nacho ni jambo la kuandikiwa makala?" Naam, ni jambo kubwa. Garissa ni mji wenye soko kubwa la mifugo, na malori ya ng'ombe na mbuzi hayakosekani katika barabara ya kwenda Thika na Nairobi. Ngamia na punda nao huvuka wakati wautakao. Upande wa Dadaab au Modogashe, ukishaiacha lami, vumbi linatanda nyuma ya gari hata kioo cha ndani hakionyeshi kitu. Dereva hubakiwa na vile viwili vya kando tu. Tena gari moja aghalabu huendeshwa na madereva wawili kwa zamu, mmoja mrefu na mwingine mfupi. Kioo kisipogeuka, mmoja wao anaendesha akitazama mawingu, na bodaboda inayompita haioni.

Basi tuanze kwa kuelewa kioo kinavyofanya kazi. Nyuma ya kile kioo mna mota mbili ndogo. Moja hukipeleka juu na chini, na ya pili hukipeleka kulia na kushoto. Katika magari mengi ya kawaida nyaya zinazoingia humo ni tatu: mmoja wa mota ya kwanza, mmoja wa mota ya pili, na mmoja wa pamoja unaotumiwa na mota zote mbili. Magari ambayo vioo vyake hujikunja huwa na mota ya tatu na nyaya zaidi.

Somo la fizikia linatufundisha kwamba mota ya umeme wa betri ikibadilishiwa chanya na hasi, huzunguka kinyume. Hiyo ndiyo siri ya swichi ya vioo. Ukibonyeza "juu", swichi hupeleka moto kwenye waya wa mota na kuuunganisha waya wa pamoja na athi, yaani bodi ya gari inayorudisha umeme kwenye betri. Ukibonyeza "chini", inageuza mambo: waya wa pamoja unapata moto, na ule mwingine unakwenda athi. Ukilielewa jambo hili moja, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Sasa tuje kwenye uchunguzi. Washa swichi ya ufunguo, nyamaza kimya, bonyeza swichi ya kioo na utege sikio. Ukisikia mota inanguruma lakini kioo hakisogei, umeme unafika. Kasoro ni ya meno ya gia yaliyovunjika, au kioo kimechomoka kwenye kishikio chake. Mara nyingi meno hayo huvunjwa na mtu aliyesukuma kioo kwa mkono kwa nguvu. Usiposikia kitu, hapo ndipo unapoanza kuufuata umeme.

Jiulize: ni vioo vyote viwili vimekufa au kimoja? Vikifa vyote kwa pamoja, si rahisi mota zote ziungue siku moja. Tazama kile vinachoshirikiana, yaani fyuzi, swichi na athi ya swichi. Anza na fyuzi. Katika magari mengi fyuzi ya vioo ndiyo hiyo hiyo ya redio au ya tundu la kuwashia sigara. Chaja mbovu ya simu ikipiga shoti kwenye tundu lile, fyuzi inaungua, na vioo vinakufa pamoja na redio. Badilisha fyuzi kwa nyingine ya ampea zile zile. Usithubutu kuweka kubwa zaidi, wala kuzungushia waya au karatasi ya sigara! Fyuzi ni mlinzi. Ukimwondoa mlinzi, utakaoungua ni waya wenyewe ndani ya dashibodi, na pengine gari zima. Fyuzi mpya nayo ikiungua papo hapo, kuna shoti mahali, itafute kwanza.

Kikifa kioo kimoja tu, swichi bado ni mshukiwa, kwa sababu ina kichaguzi cha kushoto na kulia, lakini mshukiwa mkuu ni waya wa mlango ule. Na je, kioo kikipanda lakini hakishuki? Hapa tumia akili ya fizikia. Kupanda na kushuka ni mota ile ile na nyaya zile zile. Kama kinapanda, basi mota ni nzima na nyaya ni nzima. Kama hakuna kitu kinachokizuia, kilichobaki ni swichi. Vumbi letu la Garissa ni laini kama unga. Huingia ndani ya swichi na kukaa kati ya vipande vya shaba vinavyopaswa kugusana. Aghalabu swichi kama hiyo hupona kwa kufunguliwa polepole na kusafishwa kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme.

Nitoe mfano mmoja. Wakati wa likizo mimi humsaidia mjomba wangu, ambaye ni fundi wa umeme wa magari. Kuna siku lililetwa pikapu ambalo kioo chake cha kushoto kilikuwa kimekufa. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba mota imeungua na aagize kioo kizima kutoka Nairobi. Mjomba akaniambia, "Abti, usiharakishe. Fungua mlango, funga mlango, na huku unabonyeza swichi." Nikafanya hivyo. Mlango ukiwa nusu wazi, kioo kilicheza. Ukifungwa, kimya! Jawabu lilikuwa pale kwenye mpira unaopitisha nyaya kati ya mlango na bodi ya gari. Nyaya zile hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na jua kali hukausha ngozi yake ya plastiki hadi ikapasuka.

Jambo lililonishangaza ni mita. Tulipima kwenye soketi ya kioo, mlango ukiwa umefungwa na swichi imebonyezwa, mita ikaonyesha volti 12. "Si umeme upo?" nikauliza. Mjomba akachukua balbu ndogo ya gari na kuiunganisha mahali pale pale. Ikawaka kwa unyonge kama mshumaa wa mwisho. Maelezo yake ni haya: ndani ya ule waya shaba ilikuwa imekatika, na ncha zake ziligusana kwa shida tu. Mita hunywa umeme kidogo mno, kwa hiyo mguso ule hafifu uliitosha. Balbu na mota huhitaji umeme zaidi, nao hauwezi kupita hapo. Kwa hivyo usiamini mita peke yake. Jaribu pia kwa balbu.

Ukitaka kuithibitisha mota, chomoa soketi ya kioo na uipe mota umeme wa betri moja kwa moja kwa nukta moja, ukipitishia kwenye fyuzi ndogo. Kisha geuza nyaya. Ikicheza pande zote mbili, usiinunulie mwenzake. Jaribio hili ni la mota ya kawaida tu. Katika magari mengine mapya vioo huamrishwa na kompyuta, na hayo yanahitaji fundi mwenye mashine ya kuisoma.

Kurekebisha waya uliokatika nako kuna adabu yake. Kwanza ondoa waya wa hasi wa betri. Kata sehemu iliyooza, unga kipande kipya cha waya wenye unene ule ule, lehemu, kisha vika mpira unaojibana kwa joto. Usisokote kwa mkono na kufunika kwa tepu nyeusi tu, maana katika joto letu gundi ya tepu huyeyuka na tepu hubanduka. Tena kiungo kisikae pale panapokunjwa. Waya uliolehemiwa huwa mgumu, na ukikunjwa kila siku utakatika tena.

Magari yaliyopita majini yana ugonjwa wake. Mafuriko ya mto Tana ya Novemba 2023 na yale ya Aprili 2024 yaliikata barabara upande wa Madogo, na maji ya mafuriko yakiingia mlangoni huacha matope ndani ya soketi. Baadaye shaba hushika kutu ya kijani na umeme haupiti vizuri. Chomoa soketi, safisha, kausha, ndipo urudishe.

Natamatisha kwa kuwausia wanafunzi wenzangu. Sikiliza kwanza, uliza ni kimoja au viwili, tazama fyuzi, pima kwa balbu, na duka liwe la mwisho. Yule mwenye pikapu aliondoka jioni ile ile na kioo chake cha zamani, akiwa amelipia waya kidogo na kazi ya saa moja. Wanaosema kwamba fizikia inaishia kwenye karatasi ya mtihani, waje karakana tuwaonyeshe.