Usiulize Mpini, Uliza Wembe

Ni vigumu leo kumpata mtu mzima, Dar es Salaam au Mombasa, atakayekubali kinyozi amnyoe ndevu kwa wembe uliotoka kwenye shavu la mteja mwingine. Elimu ya UKIMWI ya miaka ya 1980 na 1990 ilifanya kazi yake: wembe mmoja, mtu mmoja. Wapo hata wanaotembea na wembe wao mfukoni. Lakini mtu huyohuyo akiketi saluni, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, fundi akatoa kifaa chenye mpini mzuri wa plastiki na kuanza kumparua kisigino, haulizi kitu. Wembe hauoni. Umefichwa ndani ya kifaa, na kisichoonekana hakitishi.

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni vidonda vya miguu. Kazi za saluni nakutana nazo zikiwa zimeharibika. Zile zilizokwenda vizuri haziji kwangu. Msomaji alizingatie hilo pale atakaponiona mkali kupita kiasi.

Kifaa chenyewe kinafanana na randa ya seremala, na kwa kweli kinafanya kazi kwa kanuni ileile. Kina mpini, kichwa kilichopinda, na mwanya mwembamba ambamo makali ya wembe yanachungulia. Fundi akikivuta juu ya sugu, wembe unachukua utando mwembamba wa ngozi ngumu na maganda yanatokea upande wa pili. Wembe ni kipande kidogo cha chuma kinachochomekwa kichwani na kubanwa. Ukimaliza kazi yake unatolewa, unatupwa, unawekwa mwingine. Vinavyosifiwa zaidi hutoka Solingen, mji wa Ujerumani ulioishi kwa kufua visu na panga kwa karne nyingi, hata jina lake likawekewa ulinzi wa sheria mwaka 1938 ili asiyetengeneza huko asilichape kwenye chuma chake. Viko pia vya bei nafuu, na vingine ni vizuri tu. Kitu cha kuangalia kabla ya kununua ni kama nyembe za akiba za kifaa hicho zinauzwa peke yake. Kama haziuzwi, umenunua kifaa cha kutumia mara moja, hata kama mpini wake utadumu miaka kumi.

Kliniki tunatumia ndugu yake: kisu cha upasuaji cha vipande viwili, mpini wa chuma na bledi ya kuchomeka. Muundo huo ulibuniwa na Mmarekani Morgan Parker mwaka 1915, na mpangilio wake wa namba bado unatawala vyumba vya upasuaji. Mpini namba 3 hupokea bledi za namba 10 hadi 15; bledi za namba za 20 huingia kwenye mpini namba 4. Kwa sugu za miguu namba 10 na 15 ndizo zinazotumika sana. Kila bledi huja peke yake ndani ya pakiti iliyotakaswa, yenye tarehe ya mwisho wa matumizi, na hufunguliwa mgonjwa akiwa anatazama.

Kwenye mikono na kucha za bandia hakuna wembe, ila wazo ni hilohilo. Mashine ya kucha ina pete za msasa zinazovishwa kwenye kichwa kinachozunguka. Tupa nyingine za miguu ni bapa la chuma linalobandikwa msasa wa gundi: mteja akiondoka, msasa unabanduliwa na chuma kinakwenda kuoshwa. Kinachogusa ngozi kinatupwa, kinachoshikwa kinabaki. Msasa nao huchubua mpaka damu ikachungulia, kwa hiyo pete iliyotumika kwa mteja mmoja isimguse wa pili.

Anayestahili kutajwa kwenye habari ya nyembe za kutupa ni King C. Gillette. Mwaka 1903, kampuni yake ilipoanza kuuza mashine ya kunyolea yenye wembe wa kubadilisha, iliuza mashine 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata mashine zilipita 90,000. Wakati huo wembe ulikuwa chombo cha kurithi, cha kunolewa kila asubuhi kwenye ukanda wa ngozi. Yeye akaufanya kitu cha kutupa bila kujuta. Mpango huo ulisimama juu ya jambo moja ambalo watu hawalitaji: anayenunua wembe, anayeutumia na anayeutupa ni mtu mmoja. Ukimkwaruza, shavu ni lake.

Saluni imevunja mpango huo. Wembe hununuliwa na mwenye saluni, hushikwa na fundi, hupita kwenye mguu wa mteja. Mwenye saluni anayetaka kubana matumizi anabana hapo, kwa sababu mwanya wa kifaa hauonyeshi kama chuma kilichomo ni cha leo au cha juzi. Kifaa kilichobuniwa ili wembe usirudiwe kinakuwa njia rahisi ya kuurudia pasipo mtu kujua. Wembe wa kawaida ulioshikwa kwa vidole ungeonekana una kutu na mteja angepiga kelele.

Hatari kubwa hapa ni homa ya ini aina ya B, zaidi ya VVU ambavyo kila mtu anaviogopa. VVU hudhoofika haraka vikiwa nje ya mwili. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa juu ya kitu kikavu kwa angalau siku 7 kikiwa bado na uwezo wa kuambukiza, na damu inayotosha si lazima ionekane kwa macho. Wembe uliomkwaruza mteja wa Jumamosi, aliyejiandaa kwa harusi, unaweza kumdhuru wa Ijumaa inayofuata. Kuufuta kwa pamba yenye spiriti hakuondoi hatari hiyo. Fangasi wa kucha na wa katikati ya vidole wanasafiri kwa njia hiyohiyo. Hao hawaui, lakini kuwatoa kwenye ukucha ni kazi ya miezi.

Kubadilisha wembe, basi, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mpini, na hapa hata saluni zenye nia njema zinateleza. Ndani ya kichwa cha kifaa, pale wembe unapokaa, unga wa ngozi na majimaji hujikusanya. Ukichomeka wembe mpya juu ya uchafu ule, wembe mpya umeshachafuka kabla ya kumgusa mtu. Mpini uoshwe kwanza kwa maji, sabuni na mswaki mpaka mwanya uwe safi, kwa maana dawa haipiti kwenye uchafu. Kama ni wa chuma kitupu, mahali pake ni otoklevu, mashine ya mvuke wa shinikizo: nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15 au zaidi, au nyuzi 134 kwa dakika chache, kutegemea mashine. Visanduku vyenye mwanga wa bluu vilivyowekwa mezani kwenye saluni nyingi havitakasi vifaa. Mwanga ule hauingii kwenye nyufa wala upande wa chini wa chuma. Ni mahali pa kuhifadhi kitu kilichokwisha kusafishwa, basi.

Mpini wa plastiki hauvumilii joto hilo. Baada ya kuoshwa, uloweke kwa dakika 10 kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5. Kama dawa ya chupa, mfano Jik, ni ya asilimia 3.5, changanya kikombe kimoja cha dawa na vikombe sita vya maji. Lebo ikisema namba nyingine, hesabu inabadilika. Kisha suuza na ukaushe, maana klorini inakula chuma. Hii inapunguza vimelea sana, ingawa haifikii kazi ya otoklevu.

Kuna vijana wanaozunguka mitaa ya Dar es Salaam na vikapu vya rangi za kucha, beseni na jiwe la kusugulia. Watu hupenda kuwanyooshea vidole hao kwanza. Mimi naona kifaa cha wembe wa kutupa kinawafaa kuliko mtu yeyote. Hawana umeme wala mashine ya mvuke, na sehemu ya hatari kuliko zote haihitaji kutakaswa, inahitaji kutupwa tu. Saluni yenye viyoyozi isiyobadilisha wembe ni mbaya kuliko kijana wa kikapu anayebadilisha.

Kutupa nako kuna adabu yake. Wembe uliofungwa kwenye karatasi na kutiwa kwenye mfuko wa taka unamsubiri mzoa taka au mtoto anayechakura jalalani. Chupa ngumu ya sabuni yenye mfuniko inatosha: ikijaa robo tatu, ifungwe na kupelekwa zahanati ya karibu, waulizwe kama wataipokea na visanduku vyao vya usalama. Kutoa wembe kwenye kifaa kufanywe kwa koleo ndogo, si kwa vidole. Fundi ndiye anayejikata mara nyingi kuliko mteja, na yeye ndiye anayekutana na damu ya watu wengi. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwa watoto wachanga mwaka 2002. Fundi aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajawahi kuipata. Kwa mtu mzima kwa kawaida ni sindano tatu ndani ya miezi sita. Mwenye saluni anayewapenda mafundi wake angeanzia hapo kabla ya kununua viti vipya.

Sasa mguu wenyewe. Ngozi ya unyayo ni nene sana, na tabaka lake la juu ni ngozi iliyokufa iliyowekwa pale kama kinga. Sugu ni jibu la mwili kwa msuguano na mkandamizo, iwe ni kiatu kinachobana au mfupa uliochomoza. Ukiikata bila kuondoa chanzo, itarudi, na ukikata kwa kina mpaka ngozi hai iumie, itarudi na maumivu. Kwenye saluni nyingi mguu huloweshwa kwanza kwa muda mrefu, halafu wembe unapita. Ngozi iliyolowa huvimba na kuwa nyeupe yote, iliyokufa na iliyo hai, na fundi hawezi tena kuona mpaka uko wapi. Wembe butu unaongeza balaa: unahitaji nguvu, na nguvu ndiyo inayomfanya ateleze. Kwa hiyo wembe mpya ni salama zaidi hata kwa mteja mmoja asiye na ugonjwa wowote. Fundi mzuri hukata kidogo, kwa utando mwembamba, na huacha sugu kiasi. Mteja anayedai kisigino kiwe laini kama cha mtoto ndiye anayemsukuma fundi kwenye damu.

Magaga, zile nyufa za kisigino, aghalabu hayahitaji wembe kabisa. Ndala na makubadhi huacha kisigino kitanuke pembeni bila kushikiliwa, ngozi kavu inapasuka. Jiwe la kusugulia, krimu yenye urea ya asilimia 10 hadi 25, au mafuta mazito usiku na soksi juu yake, vitafanya kazi polepole na havitakupeleka hospitali. Mikononi ningesema vivyo hivyo kuhusu ile ngozi laini ya mzizi wa ukucha. Imewekwa pale kuziba mlango. Wengi wanaokuja na mdudu wa kidole waliukata mlango huo wenyewe.

Mwaka 2000, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja mjini Watsonville, California, walitokwa na majipu miguuni. Bakteria waliosababisha walikuwa wakiishi kwenye mabeseni ya kuogeshea miguu, nyuma ya vichujio vilivyoziba kwa nywele na ngozi. Watafiti waligundua kwamba walionyoa miguu kabla ya kwenda walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Wembe wa nyumbani ulifungua ngozi, maji ya saluni yakaingiza vimelea. California na majimbo mengine kadhaa ya Marekani hayaruhusu kabisa saluni kukata sugu kwa wembe. Siungi mkono kuiga marufuku hiyo huku kwetu bila kufikiri, kwa kuwa najua kitakachofuata: fundi atavunja wembe wa kunyolea vipande viwili na kukata sugu kwa vidole. Afadhali kifaa chenye kinga, wembe mpya ukifunguliwa mbele ya mteja. "Dada, naomba unifungulie mpya nione" si tusi, na fundi anayejua kazi hatachukia. Ukitaka kuepuka maneno, nunua pakiti yako ya nyembe na uibebe.

Kundi moja silitolei nafuu. Mwenye kisukari anaweza kupoteza hisia za miguu bila kujua. Kliniki tunampima kwa uzi wa nailoni unaokandamiza kwa nguvu ya gramu 10, na wapo wasiosikia kitu hata mguso ule ukirudiwa. Mtu huyo akikatwa hashtuki, kidonda kinaanza kimya, damu haifiki vizuri, na mwisho wake unaweza kuwa kukatwa kidole au mguu. Sugu yake kweli inahitaji kupunguzwa, kwa kuwa inakandamiza nyama ya ndani, lakini ipunguzwe na mtaalamu aliyefunzwa, kliniki. Vivyo hivyo kwa mwenye ganzi ya miguu kwa sababu nyingine, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asikatwe kabla ya kuongea na daktari wake. Saluni wapakwe rangi, wakandwe, wasuguliwe kwa upole. Wembe usiwaguse, hata ukiwa mpya.